Niliandika Talaka Yangu Mwenyewe ili Tupunguze Kodi

Kwa nini mwanamume anayeweza kugombana na mchota maji robo saa nzima kwa ajili ya senti mbili, alikubali shauri langu siku ile bila kuuliza swali hata moja?

Swali hilo sikuweza kulijibu wakati ule. Na aibu kubwa zaidi, ndugu zangu mnaosoma, ni kwamba hata kuliuliza sikuliuliza! Mimi, ambaye tangu utoto nilichapwa kwa kuuliza... Mimi niliyemuuliza mwalimu wa chuo cha Kurani kwa nini, mama yangu kwa nini, hata Mzungu mkaguzi wa shule kwa nini!

Sasa nina umri wa miaka thelathini na miwili. Mkasa huu uliponipata nilikuwa na ishirini na mitatu, nafundisha wasichana kusoma na kuhesabu hapa Dar es Salaam. Nilikuwa nimesoma mpaka mwisho wa pale msichana wa nchi hii alipoweza kusomeshwa. Nilisoma kila karatasi iliyopita mbele ya macho yangu: matangazo ya boma, gazeti lililofungiwa samaki, hata maandishi ya kwenye madebe ya mafuta ya taa. Na kila mtu asiyesoma nilimwona mjinga. Nasema wazi, maana nikianza kuficha hapa, basi yote yatakayofuata hayatakuwa na maana.

Nilikuwa mke wa pili wa Selemani, dalali wa nazi na vyakula katika soko la Kariakoo.

Najua mnaniuliza: mwanamke msomi, mbishi kama wewe, ulikubalije kuwa wa pili? Jibu ni jepesi na la kudharauliwa. Alinisikiliza. Wanaume wengine walipinda midomo nilipofungua kinywa, lakini yeye aliweka kikombe chini, akainamisha kichwa, akasema, "Enhe, mwalimu, endelea." Nami nikaendelea... Kumbe kusikiliza ndiyo kazi ya dalali! Anamsikiliza muuzaji mpaka ajue pale anapouma, kisha anamsikiliza mnunuzi vivyo hivyo, halafu anawauza wote wawili.

Mke wake mkubwa, Bi Mwanaidi, alikaa katika nyumba yake karibu na Mtaa wa Msimbazi. Alikuwa mwanamke mzito wa maneno, mpishi wa maandazi, hajui alifu wala be. Mimi nilipangiwa vyumba viwili Mchafukoge, na kila mwezi Selemani alilipa pango. Bi Mwanaidi na mimi hatukugombana. Nilimdharau tu, na nilidhani hajui.

Sasa nieleze habari ya kodi, maana ndiyo iliyonifikisha hapa.

Jioni baada ya shule watu walikuja barazani kwangu na karatasi zao. Mmoja analeta ilani ya boma, mwingine analeta cheti cha mwaka juzi kilichokunjwa ndani ya kitambaa mpaka kimekuwa kama jani la tumbaku. Niliwasomea, niliwaandikia barua kwa Bwana Shauri, Mzungu wa boma. Mzee aliyepofuka nilimwonyesha kwamba anaweza kuomba asamehewe kodi. Baba aliyeandikiwa nyumba moja mara mbili, kwa jina lake na kwa jina la mwanawe, nilimwondolea moja. Watu walishukuru, nami kichwa kikavimba!

Wakati wa kuhesabiwa ulipofika, wanaume wazima walikuwa wakishuka Kivukoni asubuhi, wanavuka kwenda Kigamboni, wanashinda huko wakicheza bao mpaka makarani watoke mitaani. Niliwacheka sana. Nikawaambia huko ni kukimbia, na mtu anayekimbia hushikwa, tena hulipa na faini juu. Mwenye akili hakimbii. Anasoma sheria, kisha anayapanga mambo yake kabla ya siku yenyewe, ili karani akija na daftari lake akute kidogo cha kuandika.

"Kodi haiulizi jana ulikuwa nani," nilipenda kuwaambia, kidole juu kama niko darasani. "Wala haiulizi kesho utakuwa nani. Inauliza wewe ni nani siku ile daftari linapofunguliwa. Basi!"

Maneno hayo niliyapenda mno. Nilikuja kuyasikia tena, na si kwa mdomo wangu.

Mwaka ule karatasi ya sheria ilisomeka kwamba mwanamume mwenye mke zaidi ya mmoja atalipa kodi yake, na juu yake alipe tena kwa ajili ya kila mke aliyezidi. Yaani mimi. Katika hesabu za serikali mimi ndiye niliyezidi!

Mnaona uchungu ule? Si fedha. Fedha yenyewe haikuzidi sana bei ya doti ya kanga nzuri na mafuta ya taa ya mwezi. Kilichoniuma ni kule kuandikwa kama nyongeza, kama gunia la pili juu ya mgongo wa punda. Nikaapa kwamba hawatapata hata senti moja kwa kichwa changu. Nikakaa siku tatu na ile karatasi ya sheria. Siku ya nne nikapata njia.

Selemani alipokuja nikamweleza. Aniandikie talaka moja, ya rejea. Talaka hiyo ni halali na hati yake ni halali. Aipeleke boma, aseme ana mke mmoja tu, aandikiwe mmoja. Daftari likishafungwa, anirejee. Kwa sheria ya dini yetu mume anaweza kumrejea mkewe kwa neno moja tu maadamu eda haijaisha, bila mahari mpya, bila ndoa mpya, bila hata kuniuliza mimi. Na eda ni twahara tatu, kama miezi mitatu hivi. Tulihitaji wiki moja! Hakuna uongo, hakuna kukimbilia Kigamboni. Kila kitu ni kweli siku ile kinapotazamwa.

Nilimaliza nikamtazama kama mtoto anayengoja kusifiwa.

Selemani alikuwa amekaa mlangoni, amevaa kanzu yake ya kazi, na kifuani bati lake jipya la udalali linang'aa. Mabati hayo yalibadilishwa kila mwaka. Msimamizi wa soko hakumpa dalali bati la mwaka mpaka kwanza aone kwamba mambo yake ya boma yamekamilika, na madalali wengi walikuwa bado na mabati ya zamani. Niliona lile bati. Nililiona kwa macho yangu haya! Nikafikiri tu kwamba limempendeza.

Hakuuliza kitu. Hakuuliza je, karani akikataa. Hakuuliza watu watasema nini. Alipiga goti lake kwa kiganja, akacheka.

"Mke wangu wee! Kichwa hiki kingevaa kofia ya Bwana Shauri, Wazungu wote wangerudi kwao kwa njaa!"

Nami nikacheka naye... Ole wangu, nilicheka!

Tulimwita mwalimu wa chuo cha jirani aje kuwa shahidi pamoja na muuza kahawa mmoja. Mwalimu yule mzee aliposikia ni kwa ajili ya kodi, aliondoa miwani.

"Binti yangu," akaniambia, "talaka haina mchezo. Ikitoka imetoka."

"Shikamoo, mwalimu," nikamjibu, ingawa nilikuwa nimekwisha kumwamkia, nilitaka tu kumpoza. "Kwani jambo haliangaliwi kwa nia?"

"Nia ni ya sala na funga. Hili ni neno. Akilitamka wewe si mke wake, umecheka au umelia."

"Lakini si atanirejea?"

"Atakurejea akitaka," akasema mwalimu. "Wewe huna ulimi katika jambo hilo. Umelifikiri hilo?"

Nilikuwa nimelifikiri? Nilikuwa nimelisoma! Na kwangu wakati ule kusoma na kufikiri kulikuwa kitu kimoja. Nikamwona ni mzee wa vitabu vya zamani, hajui mambo ya serikali.

Selemani alisema yeye zaidi ya jina lake hawezi kuandika, mimi ndiye mwenye mkono mzuri. Basi nikaandika mimi. Nilichukua kalamu ya shule na wino wa shule, nikaandika kwamba yeye amemwacha mkewe talaka moja, nikaweka jina langu na la baba yangu, nikaweka tarehe. Na ili karani asije akashuku kwamba kuna ugomvi utakaorudi, nikaongeza kwa akili yangu mwenyewe mstari wa mwisho: "Na mimi mke nimeridhika, wala sina madai yoyote." Nikapuliza wino ukauke. Herufi zilisimama kama askari wa gwaride.

Kisha Selemani akatamka. Alitamka vizuri, bila kukwama, kama anayetaja bei.

Baada ya siku mbili alirudi akicheka tangu mlangoni. Akanisimulia jinsi alivyokwenda boma, akaigiza sauti ya karani, mtu anayesemea puani, mwenye kikohozi.

"Akaniuliza: 'Wake?' Nikamwambia: 'Mmoja, bwana.' Akasema: 'Na yule mwalimu wa Mchafukoge?' Nikatoa hati. Akaisoma mara mbili, mwalimu, mara mbili! Akasema: 'Hati safi hii. Nani kaandika?' Nikamwambia: 'Mwenyewe aliyeachwa.' Akakohoa nusura afe!"

Nilicheka mpaka nikajishika ubavu. Nilimwona yule karani kama yuko mbele yangu, na kikohozi chake na daftari lake. Nilimwona mjinga kuliko wajinga wote wa mji huu.

Nikamwambia basi sasa nirejee.

"Haraka ya nini?" akasema. "Wewe si ulisema kodi inatazama siku ya daftari? Daftari halijafungwa. Karani kasema watapita mitaani kuhakiki. Wakinikuta hapa je?"

Hoja ilikuwa yangu. Ningeikataaje? Nikaitikia kwa kichwa kwa furaha kwamba mume wangu amejifunza.

Twahara ya kwanza ikapita.

Akaanza kuja mchana tu, anasimama kizingitini kama mgeni, anaacha posho juu ya kibao cha dirisha. Alisema ni kwa ajili ya majirani, wasije wakampelekea karani maneno. Nilipomwuliza lini, alisema watu wa boma wanakagua upya vyeti vya wenye talaka za mwaka huu. Nilipomwuliza amesikia wapi, alisema sokoni. Na mimi, mbishi mkubwa, niliyetaka ushahidi wa kila jambo chini ya jua, nikapokea "nimesikia sokoni" kutoka kwa dalali!

Katika mwezi wa pili alinijia mtu ambaye sikumtazamia. Bi Mwanaidi.

Alipiga hodi, akaingia, akakaa juu ya mkeka kwa kishindo. Alileta maandazi katika sinia lililofunikwa kawa. Hakuzunguka.

"Mwalimu, amekurejea?"

Nikamwambia bado, na nikaanza kumweleza habari ya daftari na kuhakiki, polepole, kama unavyomweleza mtoto wa darasa la kwanza. Alinisikiliza mpaka mwisho, huku akitafuna andazi lake mwenyewe.

"Hayo ya daftari siyajui," akasema. "Mimi najua kunyoa ndevu. Siku hizi ananyoa kila siku. Mume huyu nimekaa naye miaka kumi na minne, hanyoi kwa ajili yangu, hanyoi kwa ajili yako. Nenda leo. Mwambie akurejee leo, mbele ya watu."

Nikatabasamu. Mnaelewa tabasamu lile? La mtu anayemhurumia mwenzake kwa ujinga wake. Nikamwambia, "Ahsante, dada, lakini mambo haya yana utaratibu."

Kisha akainuka, akakung'uta kanga yake.

"Haya, mwenye utaratibu," akasema. "Kawa nitaifuata siku nyingine."

Alipotoka nilijiambia ni wivu. Wivu wa nini, wakati yeye ndiye aliyebaki mke na mimi ndiye niliyeachwa? Hata hilo sikujiuliza!

Twahara ya pili ikapita. Ndipo nilipoanza kuogopa. Nilimwandikia Selemani barua tatu. Haikuwa na maana, maana hakujua kusoma zaidi ya jina lake na namba, na alikuwa akiniletea mimi barua zake zote nimsomee. Nikamfuata Msimbazi, nikaambiwa yuko sokoni. Nikamfuata sokoni, nikaambiwa amekwenda kupokea nazi bandarini. Posho ikaja kwa mkono wa mpagazi.

Ndugu zangu, nitawaambia jambo ambalo sijamwambia mtu. Mimi niliyewacheka wanawake wanaokwenda kwa waganga kutafuta mtoto, nilikuwa nikilala kifudifudi nikiomba niwe na mimba, ingawa nilijua hesabu imekwisha kukataa. Si kwa kupenda mtoto. Nilitaka mimba kwa sababu eda ya mwenye mimba haiishi mpaka azae, na hiyo ingenipa miezi zaidi! Hata katika kuomba nilikuwa napanga, nachelewesha, natafuta mwanya. Mungu hakunipa. Asubuhi moja nikaona alama kwamba twahara ya tatu imekwisha, nikakaa chini sakafuni na ndoo ya maji mbele yangu.

Shule siku ile sikwenda. Nilijifunga buibui, nikaenda Kariakoo moja kwa moja.

Mnajua soko lilivyo saa za mnada. Magunia, kelele, nzi, jasho la wapagazi. Selemani alikuwa amesimama juu ya sanduku, anauza rundo la nazi, sauti yake inapanda na kushuka. Amenyoa. Uso wake ulikuwa laini kama yai! Niliingia katikati ya wanunuzi, nikasimama mbele ya sanduku, nikasema kwa sauti niliyoitumia kwa darasa lenye ghasia:

"Selemani, sema umenirejea. Sema sasa hivi."

Akanitazama kutoka juu ya sanduku lake. Nilitazamia hasira, au aibu. Sikuona hata moja. Alinitazama kama mtu anavyotazama gunia ambalo bei yake imekwisha kukatwa.

"Bibi mwalimu," akasema, kwa adabu kabisa, "eda yako si imekwisha leo alfajiri?"

"Umejuaje?"

"Nimehesabu. Si ulinifundisha mwenyewe? Haiulizi jana ulikuwa nani, wala kesho utakuwa nani. Leo wewe si mke wangu."

Dalali mmoja jirani yake akapiga ukelele, "Imeshauzwa hiyo, bwana! Lete nyingine!" Wakacheka wote. Wapagazi wakacheka, wauza vitunguu wakacheka. Na katikati ya kicheko kile nikamsikia Selemani akiendelea na nazi zake, bei ileile aliyoiachia.

Nilikwenda kushtaki kwa Liwali. Sitamlaumu, alinisikiliza kwa upole. Nikasema ilikuwa hila ya kodi, ilikuwa mapatano, mume aliahidi. Akaniuliza ahadi imeandikwa wapi. Selemani akatoa hati ile. Liwali akaisoma, akaniuliza, "Mkono huu ni wa nani?" Nikasema ni wangu. Akanisomea mstari wa mwisho polepole, ule wa kuridhika na kutokuwa na madai. Mwalimu wa chuo alikuwepo kama shahidi. Hakuniangalia hata mara moja, na hiyo ndiyo rehema pekee niliyoipata siku ile.

Hata nusu ya mahari iliyobaki sikuipata. Nani angenipa, wakati niliisamehe kwa herufi nzuri?

Siku tisa baadaye Selemani alioa. Alimwoa mjane mmoja wa tajiri wa nazi, mwenye nyumba mbili na ghala. Watu wakaniambia kwamba mjane yule alikuwa ametoa sharti moja tu: mke mkubwa hana neno naye, mama mtu mzima wa maandazi, lakini yule mwalimu asikae. Ngoma ya harusi ilipita mchana kweupe chini ya dirisha langu wakati nafunga vitu vyangu, maana pango la mwezi ule halikulipwa. Nilihamia chumba cha nyuma kwa shangazi yangu. Shangazi alinipokea kwa neno moja: "Msomi!" Alilisema kama mtu anayetema kokwa.

Miaka mingi niliishi na maelezo yangu mwenyewe. Nilijiambia kwamba Selemani alikuwa mume mwema mpaka siku nilipompa ile silaha. Nilijiambia tamaa ilimjia baadaye, katikati ya eda, alipokutana na yule mjane. Kwamba hila ilikuwa nzuri, mtu tu ndiye aliyeharibika. Mnaona? Hata nimetupwa nje bado nilikuwa naitetea hesabu yangu!

Leo nawaambia ninyi mlio na vichwa vyepesi, hasa ninyi dada zangu mliosoma. Punguzeni kodi zenu kwa kila njia ya halali, mimi bado nawaandikia watu barua na sioni haya. Lakini msiweke mezani kitu ambacho kukirudisha kuko katika mdomo wa mtu mwingine. Nyumba, ndoa, jina... mtu akikwambia kitolewe leo kwa karatasi tu, kitarudi kesho, mwulize kitarudishwa na nani, na yeye anapata nini kisiporudi. Na likiwa shauri ni lako mwenyewe, naye akalikubali kwa kicheko bila kuuliza swali, basi simama papo hapo! Uliza wewe mara mbili, kwa niaba yake. Nawasihi! Mimi nilihoji serikali, nikahoji dini, nikahoji Wazungu. Mtu aliyekaa mlangoni kwangu nilimwona kama swali lililokwisha kujibiwa.

Mwezi uliopita Selemani alifariki. Siku ya saba baada ya maziko, Bi Mwanaidi alipiga hodi kwa shangazi. Amezeeka, miguu imevimba. Mjane yule wa nazi alikuwa amemtoa katika nyumba ya Msimbazi, naye akaja na bunda la karatasi za marehemu zilizofungwa kwa uzi wa katani, ajue kama kuna moja inayosema nyumba ni yake.

"Kawa yangu nimekuja kuifuata," akasema akikaa, "ila kwanza nisomee hizi. Soma polepole, mwalimu, nisikie zote."

Nikamsomea zote, moja baada ya nyingine, kwa sauti. Hati ya nyumba tuliipata, na ni yake, na kesho nitakwenda naye kwa Liwali. Karibu na chini ya bunda kulikuwa na karatasi ndogo iliyokunjwa mara nne. Nikaifungua, nikaanza kuisoma kwa sauti kama nyingine, kisha nikairudia kwa macho tu, na Bi Mwanaidi akasema, "Enhe? Hiyo ni ya nini?"

Ilikuwa cheti cha kodi cha mwaka ule. Jina, Selemani. Wake, wawili. Kodi imelipwa yote. Na tarehe ya boma ilikuwa imetangulia kwa siku kumi na moja ile niliyoiandika mimi juu ya talaka.